Umeona, umeambiwa, au umewaza?

Familia ya mwanamke aliyekuwa mkuu wangu kazini iliponiomba niandike wasifu wa marehemu utakaosomwa siku ya mazishi, niliketi mezani nikaandika bila kusita: "Alikuwa mama wa watoto wote, mwenye upendo usio na mipaka, asiyejua kuchoka." Kisha kalamu ikasimama. Sentensi ile ilikuwa nzuri, na pengine hakuna mwombolezaji ambaye angeipinga, lakini kwa miaka 11 niliyofanya kazi chini yake nilikuwa nimefundishwa kuziogopa sentensi za namna hiyo, na kabla wino haujakauka nililisikia swali lake ambalo kila afisa wa ustawi wa jamii aliyepita mikononi mwake amelihifadhi moyoni: "Umeona, umeambiwa, au umewaza?"

Nilikuwa nimewaza. Kuchoka nilikuwa nimemwona akichoka, tena mara nyingi, hata akasinzia na miwani yake usoni huku simu ikilia. Upendo usio na mipaka sijui nani aliwahi kuuona. Nilichokiona mimi ni mwanamke aliyewasikiliza watoto kwa makini yaliyowatisha wenzake, na ambaye hakuwa na uvumilivu mkubwa kwa watu wazima.

Jina lake sitaliandika hapa, wala sitataja tulikofanyia kazi, kwa sababu habari zake hazitenganiki na habari za watoto ambao wako hai na ambao hawakunipa ruhusa ya kuwasimulia. Mambo machache ninayoyasimulia nimeyavua alama zote zinazoweza kumtambulisha mtu. Sisi tulimwita Mama, naye alituita "mwanangu" hata alipokuwa akitukaripia, na kukaripia hakukuwa jambo la nadra.

Taarifa yangu ya kwanza ilimhusu mvulana wa miaka tisa ambaye alikuwa amepitia kwa walezi wawili ndani ya mwaka mmoja, na kwa wale wa tatu nako mambo yalikuwa yameanza kuharibika. Niliandika kwamba mtoto huyo ni mkaidi, hana shukrani, na ana tabia ya kuwapuuza wakubwa. Mama alinirudishia karatasi siku ileile ikiwa na maduara matatu ya penseli, akaniuliza swali lake juu ya kila duara. "Mkaidi" nilikuwa nimeambiwa na mlezi. "Hana shukrani" nilikuwa nimelitoa kwenye taarifa ya mtangulizi wangu, ambaye bila shaka naye aliambiwa. Kuwapuuza wakubwa nilikuwa nimewaza mwenyewe, kwa kuwa mtoto hakunitazama nilipokuwa nikizungumza naye. "Sasa niambie ulichokiona," akasema. Nilipojilazimisha kukumbuka, nilichokiona kilikuwa kidogo mno: mtoto alikataa kiti alichopewa, akaketi sakafuni huku uso wake ukielekea mlangoni, na kwa saa nzima hakuyaondoa macho yake pale.

"Andika hilo," akasema. "Kisha rudi ukamuulize huo mlango una nini."

Nilirudi mara nne kabla hajanijibu. Siku alipoondolewa nyumbani kwao, mtu mzima aliyetaka anyamaze kulia alimwambia kwamba mdogo wake wa kike angeletwa baada ya muda mfupi, naye alikuwa bado anamsubiri. Mdogo wake alikuwa amepelekwa kwingine, chini ya jalada lingine, na hakuna jalada lililomtaja ndugu wa mwenzake. Ukaidi wa mtoto yule ulikuwa umenakiliwa kutoka taarifa moja hadi nyingine kana kwamba ni sehemu ya nambari yake ya usajili, lakini mlango hakuna aliyeuandika. Mama aliacha kazi zake zote, akampata yule msichana baada ya siku tisa.

Kwa asiyeijua kazi hii, jambo hili laweza kuonekana kuwa ubishi wa maneno. Sivyo hata kidogo. Hakimu anayeamua mtoto alale wapi usiku huo mara nyingi hana muda wa kumfahamu mtoto. Anachokifahamu ni taarifa ya uchunguzi wa kijamii iliyo mbele yake. Familia inayoombwa impokee mtoto kwa malezi ya kambo, yaani imlee kwa muda mtoto asiye wake, hupewa muhtasari kabla ya kukubali, na muhtasari huo hutolewa jaladani. Neno kama "mkaidi" au "mwongo" likishaingia humo husafiri na mtoto, humtangulia mlangoni kwa watu ambao bado hawajamwona, na wakishamwona huwa wanatafuta tu mahali pa kulithibitisha. Tabia iliyoelezwa kama ilivyoonekana humwacha msomaji na swali, na swali humrudisha mtu kwa mtoto.

Lakini hoja yake kubwa haikuwa hiyo ya mahakama wala ya walezi. Aliamini kwamba jalada ni mali ya mtoto, na kwamba ofisi imelishika tu kwa amana mpaka mwenyewe akue. Kila kundi jipya la maafisa lilipofika, aliwasimulia kisa cha Graham Gaskin. Alizaliwa Uingereza mwaka 1959, mama yake akafariki yeye akiwa mchanga, na kuanzia mwaka 1960 hadi alipotimiza miaka 18 alikuwa chini ya uangalizi wa halmashauri ya jiji la Liverpool. Alipokuwa mtu mzima, akidai kwamba alitendewa vibaya katika malezi hayo, aliomba aoneshwe jalada lake. Akajibiwa kwamba waliochangia taarifa zilizomo walifanya hivyo kwa siri, kwa hiyo lazima kila mmoja akubali kwanza. Baadhi walikubali, wengine hawakukubali, na hapakuwepo chombo huru cha kuamua pale mchangiaji alipokataa au alipokaa kimya bila kujibu. Mnamo Julai 1989 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua, kwa kura 11 dhidi ya 6, kwamba kukosekana kwa chombo hicho kulivunja haki yake ya kuheshimiwa maisha yake binafsi na ya kifamilia.

Mama alikuwa mwangalifu kutueleza kwamba mahakama haikusema kila karatasi ifunguliwe. Ilikubali kwamba siri ya mtoa taarifa ina umuhimu wake, kwa sababu bila hiyo jirani au mwalimu anaweza kuogopa kusema mtoto anapoumizwa. Kilichomgusa ni mahali ambapo mahakama ilitambua kwamba mtu wa hali ya Gaskin ana haja ya msingi ya kupata habari zitakazomwezesha kuujua na kuuelewa utoto wake. "Wengine huwauliza mama zao," alikuwa akisema. "Huyu alikuwa na kabati la kuuliza, nalo kabati likamwambia subiri."

Miezi minne baada ya hukumu ile, tarehe 20 Novemba 1989, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Mkataba wa Haki za Mtoto. Watu wengi wanaoutaja hukumbuka haki ya elimu na ya afya. Yeye alikuwa na ibara zake ambazo sijawahi kuziona zikichapishwa kwenye bango lolote: ya 8, inayolinda utambulisho wa mtoto, yaani jina lake, uraia wake na mahusiano yake ya kifamilia; na ya 25, inayomtaka aliyemweka mtoto katika malezi arudi kila baada ya muda kupitia upya hali ya mtoto na sababu za kuwekwa pale. Aliichukulia ibara ya 25 kama ratiba ya kazi, na ole wake afisa ambaye tarehe ya mapitio ilimpita.

Imani hiyo ilizaa taratibu ambazo kwa mtu wa nje zingeonekana za ajabu. Habari za watu wengine, kama vile ugonjwa wa mjomba au shauri la jinai la jirani, tuliziandika kwenye karatasi yake peke yake, kwa sababu siku mtoto atakapolidai jalada lake, habari za watu wengine hufutwa kwa wino mweusi, na ukizichanganya na habari zake mwenyewe, utoto wake nao utazama katika wino huo. Kila jalada lilikuwa na bahasha ya vitu visivyo na nafasi kwenye fomu: picha, mchoro, kitambulisho cha hospitali alichofungwa mkononi alipozaliwa kama kilipatikana. Na kila mtoto aliyeondolewa kwao aliandikiwa barua ya kusomwa baadaye, akiwa mkubwa, inayoeleza kwa lugha ya kawaida kwa nini aliondolewa, nani aliamua, nani alipinga, na nini kilijaribiwa kabla ya hapo. Barua za namna hii huandikwa sehemu nyingi kwa watoto wanaoasiliwa, yaani wanaochukuliwa kisheria kuwa wana wa familia nyingine. Yeye aliona hakuna sababu ya kuwabagua wengine. Barua yangu ya kwanza aliirudisha mara sita. Ya sita ilirudi na maneno matatu pembeni: "Atalia. Sawa. Peleka."

Hakuzaliwa na hekima hii, na alihakikisha tunalijua hilo. Katika miaka yake ya mwanzo kazini alipewa watoto watatu wa tumbo moja, na kwa kuwa hapakupatikana nyumba ya kuwapokea wote, aliwagawa. Mdogo kabisa, aliyekuwa bado ananyonya, aliasiliwa, akabadilishiwa jina, na wakubwa wake hawakuweza tena kumpata. Kila hatua ilikuwa na saini na mhuri wake, na hakuna sheria iliyovunjwa. Aliandika tarehe ile kwenye kipande cha karatasi, akakibandika ndani ya droo ya meza yake mahali ambapo angekiona kila alipotafuta penseli. Miongozo ya Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala ya watoto ilipotoka mwaka 2009, ikisema kwamba ndugu wasitenganishwe isipokuwa kuna hatari iliyo wazi au sababu nyingine yenye maslahi ya mtoto ndani yake, na kwamba hata wakitenganishwa juhudi zifanywe wasipoteane, alituita wote akatusomea aya hiyo kwa sauti. Alipomaliza alifungua droo akatuonesha karatasi. Nilielewa siku hiyo kwa nini zile siku tisa hakuwa na kazi nyingine.

Miongozo hiyohiyo ilimpa silaha katika ugomvi wake wa muda mrefu na wafadhili. Wafadhili hupenda majengo, kwa kuwa jengo hupigwa picha, lina kibao cha jina, na linazinduliwa. Mama alikuwa akiwaambia kwamba watoto wengi wanaoishi katika makao ya watoto wana angalau mzazi mmoja aliye hai, na kwamba anachokosa mzazi huyo mara nyingi ni msaada wa kumlea mtoto wake akiwa kwake. Aliwaeleza pia utafiti uliofanyika Bucharest, Romania, nchi ambayo baada ya kuanguka kwa utawala wa Ceaușescu mwaka 1989 ilikutwa na maelfu kwa maelfu ya watoto ndani ya taasisi. Watafiti waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa humo, nusu yao wakachaguliwa kwa bahati nasibu kwenda kwa walezi wa kambo. Waliokwenda kwenye familia walikua vizuri zaidi kiakili na katika uwezo wao wa kushikamana na mlezi, na waliohamishwa kabla ya kufikisha takriban miaka miwili ndio waliopata nafuu kubwa zaidi. Ninakumbuka kwamba hakumaliza kueleza utafiti huo hata mara moja bila kukunja uso. Alijua kwamba wakati ule malezi ya kambo yalikuwa karibu hayapo mjini humo, na kwamba hakuna mtoto aliyezuiwa kuondoka baadaye familia ilipopatikana. Hata hivyo lile neno "bahati nasibu" halikumtoka moyoni. "Ninayatumia matokeo yao," aliniambia, "lakini wale waliobaki ninawafikiria zaidi."

Kwa hili la makao sikukubaliana naye kikamilifu, na sioni sababu ya kujifanya vingine kwa kuwa amefariki. Yapo mausiku ambayo mtoto anahitaji kitanda salama ndani ya muda wa saa mbili tu, na orodha ya walezi walioandaliwa imekwisha. Nimewaona walezi wa makao wakikesha na mtoto mgonjwa wasiyemjua hata jina. Nilimwambia hivyo, tukabishana, na katika ripoti yake ya mwaka ule aliandika kwamba "mmoja wa maafisa ameona vinginevyo", akaeleza nilichokiona neno kwa neno.

Kitu ambacho sitarajii kukiona tena kwa mtu mwingine ni namna alivyomrudia mtoto baada ya uamuzi. Ibara ya 12 ya Mkataba inampa mtoto anayeweza kuwa na maoni yake haki ya kuyatoa katika mambo yanayomhusu, na yapewe uzito kulingana na umri na ukomavu wake. Mwaka 2009 Kamati ya Haki za Mtoto ya Umoja wa Mataifa ilifafanua kwamba hakuna umri wa chini uliowekwa, kwamba hata mchezo, ishara na mchoro wa mtoto mdogo ni namna ya kusema, na kwamba mtoto akishasikilizwa lazima aelezwe maoni yake yamechukuliwaje. Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayoachwa. Tunamuuliza mtoto, tunaandika, tunakwenda mahakamani, na uamuzi ukitoka mtoto anaujua kwa kuona begi lake likifungwa.

Palikuwa na msichana wa miaka 12 aliyetaka kurudi kwa mama yake. Alilisema hilo waziwazi, na Mama akalifikisha kwa hakimu kama lilivyosemwa, kisha akaeleza kwa nini yeye kama afisa anashauri vinginevyo kwa wakati ule. Hakimu aliufuata ushauri. Jioni hiyohiyo, badala ya kumtuma mmoja wetu, alikwenda mwenyewe, akamweleza msichana yule kwamba maneno yake yalisomwa yote, kwamba ni yeye Mama aliyeshauri asirudi, na sababu zake ni hizi na hizi, na kwamba suala litaangaliwa tena baada ya miezi mitatu. Msichana alimgeuzia mgongo. Kila wiki kwa miezi hiyo mitatu Mama alikwenda, akaketi, asijibiwe neno, akaondoka. Nimeisoma taarifa yake ya mojawapo ya ziara hizo: "Ameninyima salamu. Ana haki. Nitarudi Jumanne."

Nimesema hakuwa mvumilivu kwa watu wazima. Aliwahi kunitoa machozi mbele ya wenzangu kwa kosa ambalo halikuwa langu, na aliponiomba radhi alifanya hivyo kwa kuniletea kikombe cha maji bila kusema lolote, nami nilikubali kwa sababu nilijua hapatapatikana zaidi ya hapo. Alichelewa kwenye kila shughuli isiyohusu mtoto. Na siku niliyokwenda kwao kukusanya habari za wasifu, kijana wake mkubwa, ambaye sasa ana watoto wake mwenyewe, aliniambia kwa upole tu: "Watoto wa watu walimpata Mama kabla yetu. Hilo nalo liandike." Dada yake akamtazama, akataka kusema kitu, akanyamaza. Kisha akasema, "Liandike."

Basi niliirarua ile karatasi ya mwanzo. Wasifu niliousoma siku ya mazishi ulikuwa wa kurasa mbili, na niliugawa kama ambavyo angetaka: niliyoyaona kwanza, niliyoambiwa baadaye kwa kumtaja aliyeniambia kila ilipowezekana, na niliyoyawaza nikayaacha nyumbani. Maneno ya kijana wake yalikuwamo. Mzee mmoja wa familia alinifuata baadaye akanieleza kwamba marehemu hasemwi hivyo. Nilimjibu kwa heshima kwamba mwenyewe ndiye aliyenifundisha, naye akatikisa kichwa akaondoka. Sikuweza kujua alikuwa ameridhika au amenikasirikia, na sitaandika lolote kati ya hayo mawili.

Wiki moja baadaye tulikaa kugawana majalada yake. Yalikuwa 17. Tuliona upesi kwamba kulikuwa na kazi ambayo hakuna fomu inayoitaja: kulikuwa na watoto 17 ambao kwao Jumanne ilikuwa imepita bila mtu kuja, na ambao baadhi yao tayari walikuwa wamewahi kuambiwa kwamba fulani atakuja baadaye kidogo. Tulikubaliana kwamba kila mmoja aelezwe ana kwa ana na apewe barua ya kubaki nayo, ili siku atakapolisoma jalada lake asikute mwandiko mmoja umekoma na mwingine umeanza bila maelezo.

Mimi nilimpata msichana wa miaka kumi. Nilimweleza nilichokuja kumweleza, kisha nikampa barua, na sentensi zake za kwanza zilikuwa hizi: "Mtu aliyekuwa akija kukuona kila Jumanne amefariki dunia. Hakuacha kuja kwa kutaka kwake. Nilikuwapo alipozikwa, na hili ninakuandikia kwa sababu nililiona." Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari, akarudia tangu mwanzo. Halafu aliniomba kalamu. Nilidhani anataka kuandika jibu, lakini alirudi juu kabisa ya karatasi, mahali nilipoandika jina lake kama lilivyoandikwa kwenye jalada kwa miaka minne, akaikata herufi moja katika jina la pili na kuiandika nyingine juu yake.

"Ni hivi," akasema, akanirudishia kalamu.

Nimesahihisha kwenye jalada.